Wanaokwenda kazini kwa miguu nao wahesabiwe
Kudai kwamba wakazi wa Nairobi hawana mazoea ya mazoezi, kwa kuwa siku za kazi njia za Msitu wa Karura huwa na watu wachache, ni kuwasahau wengi mno. Kabla jua halijachomoza, umati hutoka Kibera ukifuata reli hadi Eneo la Viwandani, viatu vya kazi vikiwa mkobani visije vikaingia matope, na mwendo huo wa haraka unatosha kabisa kutimiza dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Karura, aliyoipigania Wangari Maathai mwaka 1999, naipenda kwa dhati, lakini langoni kuna kiingilio. Wenzangu mnaopita Jogoo Road kila siku, je, huko mna njia salama ya kutembelea?