Walilisalimia hema

Wiki iliyopita, kati ya Mafinga na Makambako, Wazungu walinipungia mkono njia nzima, na mpaka leo nina kinyongo.

Rafiki yangu ana shughuli ya kukodisha magari ya safari hapa Mbeya. Wageni wake walimalizia safari Iringa, gari likabaki huko, akaniomba niende na basi nilirudishe. Land Cruiser mkonga, hema limekunjwa juu ya paa, madumu mawili ya maji nyuma, koleo limefungwa ubavuni utadhani tunakwenda kuchimba dhahabu Chunya. Mimi nimezoea kigari changu cha IST. Juu ya lile dude nilijiona mkuu wa wilaya.

Nimeiacha Mafinga, nipo kwenye paina za Sao Hill, naona gari-nyumba jeupe linakuja. Lile lenye kitanda na jiko humo humo. Taa mara mbili, kisha mkono mzima nje ya dirisha. Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu wanamfahamu. Hakuna, ni mimi. Mbele ya Nyororo likaja jingine, mume na mke, wote wawili wanapunga, mama anatabasamu kama tumekutana harusini. Nikapunga na mimi. Sikuwa nimesalimiwa barabarani muda mrefu, na sioni aibu kusema nilifurahi. Nikaanza hata kuimba.

Makambako nikaingia sheli. Pembeni limeegeshwa lori la MAN lililogeuzwa nyumba, namba za Ujerumani, ile herufi D kwenye ukanda wa bluu. Mzee wa Kizungu akainua mkono tangu naingia, akaja anacheka. Akafika dirishani. Akanitazama. Akachungulia siti ya nyuma, akanirudia mimi.

"Wageni wako wako wapi?"

Nikamwambia sina wageni, niko peke yangu. "Aa," akasema, na lile tabasamu likafifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Hakuwa na ubaya, nisimsingizie. Alinitakia safari njema, akarudi kwenye kiti chake cha kukunja. Lakini pale ndipo nilipoelewa kwamba tangu Mafinga hakuna aliyenisalimia mimi. Walilisalimia hema.

Najua ni desturi yao na hawakuja kuianzishia kwetu. Huko Ulaya wenye magari-nyumba hupungiana wakipishana. Wenye kombi za Volkswagen wana salamu yao ya vidole viwili. Waendesha pikipiki wa Ufaransa wakipishwa na gari hunyoosha mguu wa kulia kushukuru, maana mkono wa kulia haubanduki kwenye mafuta. Ni jambo zuri, sikatai. Ila hata huko wananung'unikiana: mwenye kombi kuukuu analalamika kwamba mwenye gari-nyumba kubwa jipya anapita kama hajamwona. Salamu inayoangalia kwanza umepanda nini lazima iishie hapo.

Sasa kabla hujawacheka Wazungu, nikuulize wewe msomaji wa Uyole, wa Mbalizi, wa Ipogolo: sisi tunasalimia nani?

Niliendesha Fuso la kaka yangu miaka minne, viazi vya Uporoto kwenda Dar. Miaka ile nilikuwa mtu. Nikitoka tu Uyole, mkono juu, taa, honi, mpaka utingo wangu akawa ananisaidia kupunga. Nikaacha Fuso, nikanunua IST, nikafa. Barabara ile ile, sura ile ile, madereva wengine nimekula nao ugali Ruaha Mbuyuni, wananipita kama nguzo ya umeme. Semi-trela anamsalimia mwenye rangi ya kampuni yake. Basi anamsalimia basi. Magari ya IT, yale yanayotoka bandarini kwenda nchi jirani, hayamsalimii mtu, yanaikimbilia Tunduma kama mpaka unahamishwa kesho. Na wale wa V8 vioo vyeusi, hao hata wakikupungia utajuaje?

Na hii ni nchi ya watu gani? Iringa huwezi kupita mbele ya mzee bila kusema "kamwene". Rungwe ukisema "ugonile" uwe na nafasi, maana utaulizwa ulivyolala, watoto, ng'ombe na ndizi. Mtu huyo huyo akishika usukani anakuwa bubu. Miguuni tunasalimiana mpaka tunachelewa kazini, kwenye magurudumu tunaangaliana kama mahakamani.

Mtaniambia malori ni mengi, ukimsalimia kila mmoja kutoka Igawa hadi Uyole mkono utang'oka begani. Sawa. Hilo nawapa. Enzi zile barabara ilikuwa na watu wachache na shida nyingi. Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru mwaka 1965 na mafuta ya Zambia yakalazimika kupita huku kwetu kwa malori, kwenye vumbi na tope, hata TAZAMA, bomba la mafuta la kwenda Zambia, halijafunguliwa, nadhani ukimwona mwenzako anakuja ulipunga kwa kushukuru tu kwamba bado yu hai.

Lakini mimi sizungumzii adabu peke yake. Mwezi wa saba miaka miwili iliyopita nilikuwa natoka Iringa na IST, saa kumi na moja alfajiri, nimeacha Nyororo. Wanaoujua ukungu wa pale wanaujua. Unaona boneti, baada ya boneti unaona maziwa. Mbele yangu zikatokea taa mbili za njano, Fuso, akanipigia taa mara tatu, halafu mara tatu tena. Nikawaza tochi, kile kipima mwendo cha trafiki. Nikacheka peke yangu, trafiki gani mwenye akili atasimama kwenye baridi hii? Hata hivyo nikapunguza, mazoea ya kuogopa faini ya shilingi 30,000. Tukipishana nikamwona ameshusha kioo, mkono uko nje, kiganja kinakandamiza hewa chini, chini, chini. Nikashuka mpaka mwendo wa miguu.

Kwanza nikayaona majani. Matawi mabichi ya paina yametupwa katikati ya lami, tawi moja, hatua kadhaa, tawi la pili. Halafu mkia wa trela. Limekatika ekseli, limelala nusu njia upande wangu, halina taa hata moja, dereva wake amejifunika blanketi kando anaota moto wa vijiti. Nilisimama nikiwa nalisoma neno lililoandikwa kwenye bampa. Kwa kasi niliyokuwa nayo kabla ya yule wa Fuso, hilo neno ningelisoma kwa paji la uso.

Yule bwana hakuniona mimi ni nani. Kwenye ukungu ule hakuweza hata kujua kama ni IST au trekta. Aliona taa zinakuja, akajua nyuma ya taa kuna mtu, akatoa mkono kwenye baridi ya Nyororo.

Lugha hiyo ya taa na mikono tunayo, na mtoto wa shule ya udereva hafundishwi. Lori lililo mbele yako likipanda mlima wa Kitonga likikuwashia indiketa ya kushoto linakwambia pita, mbele kweupe. Ya kulia, tulia, kuna mtu anashuka. Ukishapita, honi fupi ya asante. Siku hizi unapewa njia na mzee wa watu amebeba tani 30 za shaba, unapita kama ulilipia. Na wengine tumeibakiza lugha nzima iwe na neno moja: tochi. Tunapigiana taa kwa moyo wote kumwokoa mtu na faini, ambaye atakwenda 50 kwa kilomita mbili kisha arudi 120. Trafiki wana haki ya kutuchukia kwa hilo, na imeniuma kuiandika sentensi hii.

Basi nimeamua nimsalimie kila mtu. Jumapili nilikwenda Tukuyu na IST yangu, isiyo na hema. Bajaji mbili zilinijibu. Kosta moja, konda alinipungia akidhani natafuta usafiri. Pale Isyonje, kibaridi chake na ukungu wake, nikakutana na Fuso la viazi linapanda taratibu. Nikapiga taa mara mbili, nikatoa mkono wote nje, nikatabasamu kabisa.

Dereva akakunja uso. Akaangalia kioo cha kulia, akaangalia cha kushoto, akawasha hazadi, akaegesha. Kwenye kioo changu nikamwona utingo ameruka chini na gogo la kuweka kwenye tairi, anazunguka lori zima anapiga matairi teke, moja moja, akitafuta lililopasuka.