Simu ya Dar, kongamano la Hamburg

Huku Ujerumani watu wakisikia natoka Tanzania, huniuliza kama kwetu intaneti ipo. Wanauliza kwa upole, wala hawana ubaya. Tatizo ni kwamba swali hilo huwa nalipata sana kwenye treni, kati ya Hamburg na Berlin, miji mikubwa kuliko yote nchini mwao, wakati simu zetu sote zimeandika herufi E na hakuna ukurasa unaofunguka. Huwa najibu tu kwamba ipo.

Nikiulizwa maoni yangu kwa kirefu, nasema hivi: kwa kuitumia simu, Mtanzania wa kawaida kamwacha mbali Mjerumani wa kawaida. Kwenye mikutano ya teknolojia wao ndio wametuacha, na sidhani kama sababu ni hela.

Tuanze na simu. Hapa watu wengi wanasaini mkataba wa miezi 24. Kila mwezi hela inakatwa benki, na mtu ana GB ambazo hazimalizi. Halafu huyohuyo anaingia duka la mikate anakutana na kibao: fedha taslimu tu. Benki moja ilinitumia namba ya siri kwa barua, ndani ya bahasha, ikaletwa na mtu wa posta. Benki za hapa zilianzisha Wero, huduma yao ya kumtumia mwenzako hela moja kwa moja kwa kutumia namba yake ya simu, mwezi Julai 2024. M-Pesa ya Vodacom iliingia Tanzania 2008. Watoto waliozaliwa mwaka huo walishakuwa sekondari.

Mama yangu mwenyewe hana simu janja na haitaki. Ana kitochi chake cha batani. Anabonyeza *150*00#, menyu inakuja kwa Kiswahili, ananunua umeme wa LUKU, tokeni inaingia kwa meseji. Mchango wa harusi ya mtoto wa jirani unatoka humohumo, na hela ya kikoba pia. Nikimtumia hela nikiwa likizo nyumbani, hanishukuru kabla hajahakikisha kama nimeweka na ya kutolea. Ukituma bila ya kutolea umemtumia pungufu, na utasikia. Hiyo ni adabu iliyojengeka kwenye mtandao wa simu bila semina wala mshauri. Na tangu miaka ya katikati ya 2010 unatuma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine moja kwa moja, jambo ambalo Wakenya, pamoja na kujidai kwao kote na M-Pesa, walilipata baada yetu.

Sababu zinaeleweka. Mjerumani alikuwa na benki kila kona na kadi yake mfukoni, shida ya kuitegemea simu hakuwa nayo. Isitoshe, mwaka 2000 serikali yao ilipiga mnada masafa ya 3G na makampuni yakatoa karibu euro bilioni 50 kwa ajili ya kibali tu. Wapo wanaosema hela ya minara iliishia hapo. Ukipita mashambani unawaamini.

Lakini sitaki kuwapamba wa nyumbani kupita kiasi, maana mimi natumia Wi-Fi ya ofisini nikiandika haya, na wao wanahesabu MB. Bando la siku linakufa na siku yake hata kama umelitumia robo. Aprili 2021 vifurushi vilipandishwa bei, watu wakapiga kelele mpaka serikali ikasitisha. Julai mwaka huohuo zikaja tozo za miamala, na hapo wengi wakarudi kupeana hela mkononi kama zamani. Kelele zikapigwa tena, tozo zikapunguzwa. Halafu Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Sisi tulio nje tulibaki tunaangalia tiki moja kwenye WhatsApp. Treni ya Hamburg ina mashimo ya mtandao kwa uzembe. Ule wa kwetu ulizimwa kwa makusudi, na siwezi kuviweka viwili hivyo kwenye mizani moja.

Sasa mikutano. Kila mwaka baina ya Krismasi na mwaka mpya, klabu ya wadukuzi wa hapa, Chaos Computer Club, hufanya kongamano lake la siku nne. Lilianza 1984. Miaka hii liko Hamburg, na huja maelfu ya watu. Milango, nyaya, kamera, jikoni, vyote vinaendeshwa na watu wa kujitolea, nao wanaitwa malaika. Kupiga watu picha bila ruhusa ni mwiko. Sijawahi kuona ukumbi mzima ukisubiri waziri. Msemaji anapanda, anaonyesha jinsi mfumo fulani wa hospitali au wa serikali unavyovuja, anashuka, na maswali yanayofuata hayana huruma. Akiongea Kijerumani, wakalimani wa kujitolea wanatafsiri hapohapo. Video zinawekwa bure kwa yeyote.

Ya Dar unaijua. Hoteli ya nyota kadhaa, kibandiko cha jina shingoni, fulana ya mdhamini. Mgeni rasmi anasubiriwa, mwishowe kamtuma mwakilishi, itifaki imezingatiwa, hotuba inasomwa neno kwa neno, kisha picha ya pamoja na chai. Na yote hayo, kuanzia mabango mpaka vijitabu, kwa Kiingereza. Hapa ndipo ninaposhindwa kuelewa. Kilichoifanya teknolojia ya simu ienee mpaka vijijini ni menyu ya Kiswahili, halafu tunapokutana kuijadili tunamfungia nje kila anayeijua kwa lugha hiyo.

Dawa si kuwaleta vijana wetu wote Ulaya. Viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa, na mwandishi wa programu kutoka Mbeya lazima kwanza aende Dar kuiomba. Mjerumani anayekuja kwetu anajaza fomu mtandaoni na kulipa dola 50. Kwa hesabu hiyo tu mikutano inapaswa kuwa kwetu. Watu wa Django, programu huria ya kuundia tovuti, walilifahamu hilo: kongamano lao la kwanza la Afrika, Novemba 2023, walilifanyia Zanzibar, la 2025 wakalipeleka Arusha. Waandaaji wa Dar wangeiga angalau hilo la kutoka nje ya kumbi zilezile za mjini.

Na jukwaani ningependa kumwona wakala wa hela za simu wa Mbagala. Yeye ndiye anayejua kwa nini mtu anakosea namba na hela ikaenda kwa asiyemjua, mteja anafanya nini salio la wakala likiisha siku ya mshahara, na wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamebadilisha mbinu gani mwezi huu. Apewe dakika 40 na maiki, na maswali yawe ya kweli. Aongee Kiswahili. Wageni kutoka Berlin watafutiwe wakalimani.