Wajawazito Kumi na Tisa Saa Nane za Usiku

Mimi ni tabibu wa zahanati ndogo ya binafsi hapa Tanga, zile ambazo mapokezi na chumba cha sindano vinatenganishwa na pazia. Mtaani naitwa Dokta, nami sijawahi kumsahihisha mtu.

Kwa miaka mingi kumbukumbu zetu zilikaa kichwani mwa Sista. Mgonjwa akitia mguu mlangoni, Sista anajua kadi yake iko boksi gani. Asiye na kadi alikuja na daftari lake la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, tunaandika humo anaondoka nalo. Mwaka jana mwenye zahanati akaleta kompyuta, na kijana wa kutufundisha. Sista akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na vitabu vya MTUHA je?", yaani vile vya serikali vya kuandikia taarifa za huduma za afya. Kijana akasema hivyo mtaendelea kujaza kama kawaida. Sista akaguna, akarudi kwenye kitabu chake namba 6 cha wajawazito.

Shida ilianzia kwenye vinyota vyekundu. Kila nafasi yenye kinyota ni lazima ijazwe, ukiiruka kompyuta inagoma kuendelea. Mzee akiulizwa tarehe ya kuzaliwa anajibu, "Mwaka ule wa mvua kubwa." Binti wa mapokezi anamtazama usoni, anakadiria mwaka, anaandika tarehe 1 Januari. Kwa mujibu wa kompyuta yetu, wazee wa Tanga karibu wote walizaliwa siku ya Mwaka Mpya.

Namba ya simu nayo ilikuwa na kinyota. Sasa kina mama kadhaa wanaokuja kliniki hawana simu, au simu ni ya mume na mama hataki. Binti alijaribu sifuri kumi, kompyuta ikakataa. Akainua macho ukutani. Pale pamebandikwa karatasi: KWA DHARURA PIGA, na chini yake namba yangu. Tarakimu kumi, inaanza na sifuri. Kompyuta ikapokea bila ubishi.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa nahangaika na kitu kipya alichotuwekea kijana: ujumbe wa kuwakumbusha wagonjwa siku moja kabla ya kliniki. Palikuwa na nafasi ya kujaza saa ya kutuma. Nikawaza, saa mbili asubuhi ni muda mzuri, mtu ameshaamka. Nikaandika 2:00. Nilisomea utabibu miaka mitatu, naomba msinicheke.

Kompyuta haijui saa za Waswahili. Saa nane za usiku, simu yangu iliyokuwa kwenye chaji upande wa mke wangu ikalia. Ikalia tena. Ikaendelea kama king'ora.

"Baba Zuhura."

"Naam."

"Mwanaidi ni nani?"

Nilikuwa bado usingizini. Akanisomea kwa sauti ya taarifa ya habari: "Mpendwa Mwanaidi, tunakukumbusha kliniki ya wajawazito kesho saa 08:00. Tafadhali njoo na mwenza wako." Akatulia kidogo. "Mwenza wake ndiye nani, Baba Zuhura? Mbona kaitwa kwenye simu yako?" Kabla sijajibu, Rehema akaingia. Kisha Zainabu. (Majina nimeyabadilisha. Idadi sijaibadilisha.) Walifika kumi na tisa, wote wajawazito, wote wanaombwa waje na mwenza.

Nilitaka kusema hao ni wagonjwa wangu, nikakumbuka siri ya mgonjwa. Nikasema, "Siwezi kuzungumzia habari za hao wanawake." Ukiwa na ndoa, sentensi hiyo usiijaribu.

Siku nzima hiyo nilikunywa chai ya kununua.

Siku ya kliniki ikafika. Asubuhi saa mbili ukumbi ulikuwa nusu mtupu. Waliokuja ni wale wasio na simu, kwa kuwa Sista alikuwa amewaambia kwa mdomo, "Jumanne, saa mbili, usichelewe." Wakapimwa presha na uzito, wakaenda zao. Wenye simu hakuna. Nikasema labda mtandao.

Saa nane mchana, nimevua koti nasubiri wali, nje pakafurika. Wenye simu wote wamefika kwa pamoja, na waume zao. Ujumbe si ulisema saa 08:00? Nane ni nane. Na katikati yao, kwa sababu naye alisoma saa 08:00, mke wangu, kashika simu yangu, na shangazi yake pembeni kama shahidi.

Hakunisalimu. Alisimama mbele ya mapokezi akaita, "Mwanaidi!"

Mji huu una Mwanaidi wengi. Wakasimama watatu. Na kwa kuwa walidhani nesi mpya anaita kwa foleni, wakasimama na waume zao, mmoja ameshika na mtoto. "Rehema!" Wawili, na waume wawili. Alipofika jina la saba sauti ikaanza kupungua. Shangazi akamnong'oneza, "Mwanangu, mbona hawa wana wenyewe?" Wenye majina halisi, wale kumi na tisa, walikuwa wameshafika makwao wanapika.

Ndipo binti wa mapokezi akaja taratibu, macho chini, akaonyesha ile karatasi ya ukutani. Sista alilazimika kwenda nyuma ya pazia kucheka. Kwa nilivyomsikia, pazia halisaidii kitu.

Jioni nikampa binti amri: namba yangu itoke kwa wagonjwa wote leo leo. Akauliza aweke ipi, maana kinyota bado kipo. Nikamwambia aweke yoyote, mradi si yangu. Kijana wa kompyuta naye akaahidi kuja Ijumaa kurekebisha saa.

Alhamisi usiku, saa nane, simu ikalia. Nikapapasa yangu, imelala kimya. Ya mke wangu ndiyo inawaka. Alikuwa ameibandika mwenyewe namba yake pale ukutani, juu ya yangu, ili dharura yoyote ianzie kwake.

"Baba Zuhura," akasema gizani, "Bi Mwanahawa ana kliniki ya presha kesho. Anaulizwa kama dawa zimeisha."

Nikavuta shuka.