"Skani hapa" za Dar: zinavuta wateja au zinawaacha nje?

Siku hizi ukizunguka Dar kuanzia Kariakoo mpaka Masaki, kila kaunta ina kile kimraba chenye vidoti vyeusi na chini pameandikwa skani hapa. Mimi sipingi QR hata kidogo, ila naona wafanyabiashara wengi wanabandika sababu jirani kabandika, hawajiulizi mteja akishaskani anapata nini.

Tuipe kwanza haki yake. Hii kitu aliibuni Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave kule Japani mwaka 1994, shida yao ilikuwa kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, halafu kampuni ikaacha watu waitumie bila kudai ada, ndo maana imefika mpaka kwenye vibanda vyetu. Ikitengenezwa kwa kiwango cha juu inasomeka hata ikichubuka karibu asilimia 30. Muuza nguo akiiweka kwenye mfuko, mteja anafika nyumbani anaskani, WhatsApp ya duka inafunguka hapohapo, hakuna kukosea namba. Kwenye malipo ndo kabisa, unaskani, unaweka kiasi, unaona jina la duka kabla hujaweka namba ya siri, na ugomvi wa chenji unaisha. Benki Kuu nayo ikaleta TANQR, yani QR moja ipokee hela za mitandao na benki tofauti, muuzaji asijaze mabango kaunta nzima. Hata risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ina QR, unaskani unahakiki kwa TRA, mamlaka ya mapato, kama ni halali.

Sasa upande wa pili, na huu ndo unaoniuma. Nilienda na baba mdogo mgahawa mmoja Mikocheni, tumekaa, mezani kuna stika tu, imeshaloa mafuta kona moja. Nikamuuliza mhudumu, dada menyu ya karatasi haipo? Akasema skanini hapo tu kaka. Baba mdogo anatumia kitochi, kile kisimu cha kubonyeza kisichoskani. Mimi nikaskani, likaja faili la PDF zito, linazunguka tu, bando nalo lilikuwa la kuungaunga, likafunguka nusu bila bei. Mzee akaniambia kwa upole, mwanangu we niagizie chochote. Mtu mzima ana hela yake mfukoni kashindwa kuchagua chakula anachotaka, na mwenye mgahawa wala hajui kama kuna mteja kamdhalilisha, sababu hakuna aliyelalamika.

Hapo ndo natofautisha. QR ya malipo mara nyingi chini yake kuna lipa namba, mwenye kitochi anabonyeza *150*00# au menyu ya mtandao wake, analipa bila bando na maisha yanaendelea. QR ya menyu au ya bei ikiwa peke yake ni mlango mmoja wenye kufuli, na gharama ya bando umemsukumia mteja.

Kuna na suala la usalama, tapeli anaweza kubandika stika yake juu ya ya kwako usiku, asubuhi wateja wanamlipa yeye, kwahiyo ukifungua duka pitisha kidole uone kama hakuna stika juu ya stika, na mteja naye asome jina kabla ya kuthibitisha. Halafu zile QR za kulipia kila mwezi zinazokuhesabia wangapi wameskani, ni nzuri kujua bango lipi linaleta watu, lakini nyingi linki yake inapita kwenye mtambo wa kampuni nyingine, ukiacha kulipia inaweza kufa na vipeperushi vyote ulivyochapisha vinabaki makaratasi.

Kwahiyo mwenye biashara, weka QR, ila andika namba chini yake kwa herufi kubwa, chapisha hata menyu 2 za karatasi uzifunike plastiki, na kabla hujabandika chukua simu ya bei rahisi, zima waifai ya dukani, skani mwenyewe kwa bando uone inachukua muda gani kufunguka.