Mieleka ya vyuo Marekani: mwenye nacho anazidi kuongezewa

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayonikera. Kwenye mieleka ya vyuo vikuu vya Marekani, ukimwangusha mwenzako na kumdhibiti pale chini unapata pointi 3. Yeye akichomoka na kusimama anapata 1. Mpaka msimu wa 2022/23 kuangusha kulikuwa na pointi 2. Tatu zimeanza msimu uliofuata. Ukimwacha mwenzako kwa pointi 15, refa anamaliza pambano palepale hata kama saa bado inadai.

Sasa chukua hodari aliyekutana na mnyonge. Anamwangusha, anamwachia makusudi ainuke, anamwangusha tena. Kwa sheria ya zamani ilibidi afanye hivyo mara 14 ndipo atimize tofauti ya 15. Kwa sheria mpya ni mara 7. Nusu kamili! Na pambano zima ni dakika 7: tatu za mwanzo, kisha mbili na mbili. Mara 14 ndani ya muda huo ni kazi ya kuitafuta kwa tochi. Mara 7 inawezekana kabisa, na tunaiona kila wiki.

Wengi wa mashabiki ninaokaa nao jukwaani hapa Iowa City wanasema sheria hii imeuchangamsha mchezo. Mimi nasema imempa aliyeshiba sahani ya pili.

Kwa ndugu zangu wa nyumbani, mieleka ninayoisema siyo ile ya John Cena tuliyokuwa tukiilipia kwenye mabanda ya video. Hakuna viti vya kupigana vichwani wala mtu kurukia kamba. Ni vijana wa chuo, uzito kumi tofauti kuanzia paundi 125 hadi 285, na kila chuo kinaleta mtu mmoja kwa kila uzito. Wanapambana mmoja mmoja, lakini pointi zinaingia kapu la timu. Na watu wanajaa. Ukumbi wa Carver-Hawkeye unachukua takribani watu 15,000, na Chuo Kikuu cha Iowa kinaujaza katikati ya baridi ya Januari, theluji hadi magotini, kwa ajili ya mieleka. Novemba 2015 waliitoa nje kabisa, kwenye uwanja wa mpira wa Kinnick, dhidi ya Oklahoma State. Wakaingia watu 42,287. Mimi nimekulia Tanga, kwetu michezo ya wanafunzi ni UMISSETA: watazamaji wake ni walimu, wanafunzi wenzako na wauza karanga. Mtu mzima asiye na mtoto pale chuoni kulipa kiingilio aone wanafunzi wakiangushana, mara ya kwanza nilidhani wananitania.

Nilichokuja kukipenda ni namna wanavyohesabu. Mechi ya chuo kwa chuo ni mapambano kumi. Ukishinda kwa tofauti ndogo, timu yako inapata 3. Tofauti ikifika 8 inapata 4. Ikifika 15 ni 5. Ukimlaza mwenzako mabega yote mawili yakagusa mkeka, ni 6. Yaani hawaulizi tu nani kashinda, wanauliza kashinda vipi, na aliyeshindwa kashindwa vipi.

Linganisha na mpira wetu. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliipiga Simba 5-1. Nchi ilitikisika, watu walikosa usingizi, lakini kwenye msimamo Yanga walipata pointi tatu, zilezile ambazo wangezipata kwa bao moja la penalti ya dakika ya tisini. Tofauti ya mabao inasubiri mwisho wa msimu, na mara nyingi haihitajiki. Mimi ni wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, klabu iliyochukua ubingwa mara moja, 1988, na tangu hapo tunaishi kwa kumbukumbu na kwa sare. Kwetu sare ya bila kufungana na mkubwa, pale Mkwakwani, kipa akiwa amelala chini mara nne akishika goti lisilouma, ni sherehe mpaka asubuhi.

Huku kipa huyo angepigwa faini. Mwanamieleka anayekimbiakimbia ukingoni mwa mkeka bila kushambulia anaonywa na refa, akirudia mpinzani anapewa pointi. Na mtu akimkalia mwenzake juu kwa muda mrefu, akamzidi kwa dakika nzima, anapata pointi moja mwishoni. Huwezi kupaki basi. Nilipohamia nilikuwa naona huo ndio uungwana wa mchezo, na bado naona hivyo, ila naona pia upande wa pili: mnyonge hana pa kujificha. Kwenye ligi yetu ya Bara sheria zinamwachia mdogo mlango mdogo wa nyuma. Huku umezibwa kwa zege.

Amebaki na silaha moja, kushindwa kwa heshima, na hiyo ndiyo inayonifanya nirudi ukumbini. Msimu uliopita timu moja ngeni ilileta kijana wa akiba kwenye paundi 141. Ilionekana tangu sekunde za mwanzo kwamba hana ubavu wa mwenzake. Anafungwa 8-1, zimebaki kama nusu dakika, akageuzwa mgongo. Refa akajitupa kifudifudi, shavu karibu na mkeka, akichungulia chini ya bega la kushoto, mkono mmoja ukihesabu hewani. Kijana akasimamia shingo na visigino, kiwiliwili chote juu, uso umeiva. Zikahesabiwa sekunde nne, ambazo siku hizi ni pointi 4 kwa aliye juu. Bega halikugusa. Kengele ikalia. Ikawa 12-1, ukiongeza pointi ya kukaliwa muda mrefu 13-1. Wenzake wote kwenye benchi wakasimama kumpokea wakimpiga makofi ya mgongo, kwa sababu hakuwa amewapoteza pointi 6. Alikuwa amewapoteza 4. Mzee mmoja wa Kizungu nyuma yangu, shabiki wa kutupwa wa Iowa, alimshangilia yule mgeni kuliko alivyomshangilia mshindi. Timu ya kijana ilipoteza mechi hata hivyo.

Hapa ndipo ninapogombana na ile tatu. Uhodari wa namna hiyo unahitaji muda. Mnyonge anayeangushwa mara 7 na kufungiwa hesabu dakika ya nne hapati hata nafasi ya kuonyesha shingo yake.

Wanaoitetea nao wana hoja, nisiwadhulumu. Mwenye deni la pointi 2 zamani akimwangusha mwenzake mwishoni anasawazisha tu. Siku hizi anapita. Fainali ya uzito wa juu ya Machi 2025 kule Philadelphia, Gable Steveson, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo, alikuwa anaongoza 4-2 dhidi ya Wyatt Hendrickson wa Oklahoma State. Sekunde zinayoyoma, Hendrickson akamchota miguu, 5-4. Nilipiga kelele hadi mke wangu akatoka jikoni. Kwa pambano moja, kati ya watu wawili wanaokaribiana, tatu ni tamu. Jukwaa letu hapa lilikuwa na mazoea ya kupaza sauti "mbili!" mtu akianguka tu, na kuna wazee ambao vidole vyao mpaka leo vinatoka viwili kabla akili haijawakumbusha.

Shida ni timu. Mashindano ya taifa ya Machi yana watu 330, na timu inapata nyongeza kwa kila ushindi mnono: pointi 2 kwa kulaza mabega, 1.5 kwa ile tofauti ya 15, 1 kwa tofauti ya 8. Sasa timu yenye wanamieleka tisa au kumi hodari, kila mmoja akikutana na wanyonge raundi za mwanzo, inavuna nyongeza kama mchele wa Ifakara. Rekodi ya pointi za timu ilikuwa ya Iowa, 170, mwaka 1997, msimu wa mwisho wa kocha Dan Gable. Ilisimama miaka 27. Ikavunjwa na chuo cha Penn State cha Pennsylvania 2024, mwaka uleule wa kwanza wa sheria ya tatu: 172.5, huku wa pili, Cornell, akiwa na 72.5. Pointi mia kamili katikati! Mwaka uliofuata Penn State wakafika 177, na wote kumi wakaingia nane bora za uzito wao.

Shabiki mwenzangu wa Iowa akisoma hapa atasema naonea wivu. Sawa, wivu upo. Na uchungu zaidi ni kwamba kocha wa Penn State, Cael Sanderson, ni zao la huku huku: alipambana mara 159 akiwa Iowa State bila kushindwa hata mara moja, akaifundisha timu hiyo, kisha 2009 akahamia Pennsylvania. (Iowa na Iowa State ni vyuo viwili. Usivichanganye mbele ya watu.) Lakini watu wa Iowa nao wana kumbukumbu fupi. Enzi za Dan Gable walichukua ubingwa mara tisa mfululizo, 1978 mpaka 1986, kwa sheria ya pointi 2, na sijasikia mzee yeyote hapa akisema ule ulikuwa ukiritimba. Kwa hiyo sidai kwamba tatu ndiyo iliyowazaa Penn State. Walichukua nne mfululizo 2011 hadi 2014, nne tena 2016 hadi 2019, zote kwa sheria ya zamani. Kisha nne nyingine 2022 hadi 2025. Ninachodai ni kwamba pengo lilikuwepo na sheria imelipanua.

Zile nne nne zinanifanya nicheke kwa sababu nazijua kutoka nyumbani. Simba nne mfululizo, 2018 hadi 2021. Yanga nne mfululizo, 2022 hadi 2025. Nyuma ya kila moja kuna pesa za mfanyabiashara mkubwa, na sisi wa mikoani tunauza wachezaji wetu bora kabla hawajajua njia ya Mkwakwani. Huku wanajifanya tofauti. Kwa miaka mingi timu ya mieleka iliruhusiwa ufadhili wa masomo 9.9 kugawana wote, yaani hata mmoja mmoja kwa kila uzito haikutimia, na mchezaji alikatazwa kuuza hata jina lake. Tangu Julai 2021 jina linauzika, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Matokeo yake ni yaleyale ya Kariakoo: kijana aking'ara chuo kidogo, msimu ujao unamwona na jezi ya mkubwa. Tofauti ni ratiba. Machi 2025 tuliwekewa dabi ya Simba na Yanga, ikaahirishwa siku yenyewe, ikachezwa Juni. Huku theluji ikidondoka futi mbili, mechi imeandikwa saa moja usiku, saa moja mtu wa paundi 125 yuko mkekani.

Nafanya kazi ghalani, na nadhani ndiyo maana hesabu hizi zinanigusa kuliko zinavyowagusa wazawa. Ukipita lengo la maboksi unalipwa ziada; wa kwanza kupita ni kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye mgongo mpya, si mama wa makamo wa Lubumbashi anayefanya kazi kwa bidii kumzidi. Nchi hii inalipa tofauti, hailipi jasho. Nyumbani tunalalamika kwamba mzembe na mchapakazi wanapokea sawa, na ni kweli, inaudhi. Nikiulizwa nichague, kwenye mshahara nachagua ya huku. Kwenye michezo sina uhakika kabisa.

Jirani yangu ni Mkongomani kutoka Uvira, mwanawe anacheza mieleka shuleni. Wiki ya mechi kijana hagusi ugali ili aingie kwenye uzito. Mama mtu analia: mtoto ana chakula mezani na anakikataa kwa hiari, kwetu hiyo ni laana au ni ugonjwa. Makocha siku hizi wana tahadhari, kwa sababu mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walikufa wakipunguza uzito, wote ndani ya mwezi mmoja hivi, na baada ya hapo upimaji ukasogezwa karibu na muda wa mechi ili mtu asipate nafasi ya kujikausha halafu akajijaza. Mama wa Uvira hazijui sheria hizo. Anaona sahani iliyorudi jikoni imejaa, na mimi niko upande wake.

Nikipewa kalamu, ningeacha tatu ibaki, kwa ajili ya fainali kama ile ya Philadelphia, ila ningepandisha kikomo kutoka 15 hadi 20. Hodari atalazimika kuangusha mara 10 badala ya 7, na wengi watakwama njiani, hivyo timu ya mnyonge itapoteza pointi 4 badala ya 5. Watakaosema tunarefusha mateso ya aliyezidiwa wakamuulize yule kijana wa paundi 141 kama alitaka refa amwokoe.

Hata hivyo kitu nitakachokiangalia zaidi misimu ijayo hakihusu pointi. Kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya kulipa wachezaji, kuanzia 2025/26 kile kikomo cha ufadhili 9.9 kimefutwa, na badala yake timu haitakiwi kuzidi watu 30. Wakubwa walizoea kulea zaidi ya hapo. Kijana aliyekuwa namba mbili au tatu Penn State, ambaye angekuwa namba moja karibu kila mahali, sasa ana sababu ya kufunga begi. Wachache wakienda Nebraska, wachache Oklahoma State, na mmoja wawili wakikumbuka kwamba Iowa kuna ukumbi unaojaa, pengo litapungua haraka kuliko kwa sheria yoyote ya kuangusha.