Ua la dungusi huanzia kwenye kipupwe

Kuna madungusi yanauzwa yakiwa tayari na ua utosini, la njano au la zambarau. Liguse kwanza kabla hujatoa pesa. Mengi ya maua hayo ni makavu, ya mmea mwingine kabisa, yamebandikwa kwa gundi ya moto. Hayanyauki, na gundi hukaa palepale mmea unapochipulia. Biashara hii inaniudhi, maana inamfanya mnunuzi aamini kwamba dungusi haliwezi kutoa ua lake lenyewe nyumbani kwake.

Linaweza sana. Tatizo ni namna tunavyolilea. Tunaliweka kwenye rafu sebuleni, mbali na jua, tunalinyunyizia maji kidogo kila wiki mwaka mzima, kisha tunasema halichanui. Dungusi lililozoea mlima, kama Rebutia na Echinopsis za Bolivia na Argentina, halikuzaliwa kwa maisha hayo. Kwao majira ya baridi huwa makavu. Mmea husimama, hupumzika, na joto na mvua vikirudi ndipo matumba hujitokeza.

Sisi wa Arusha, na ndugu zetu wa Mbeya, Njombe na Nairobi, tumepewa kipupwe bure. Juni hadi Agosti mvua ni chache na usiku ni wa baridi. Mimi hukata maji kabisa kwa mimea iliyokomaa. Dungusi litanywea, mbavu zake zitakaribiana, na wageni watalionea huruma na kutafuta kopo la maji. Wazuie. Septemba jua likianza kukolea, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, acha udongo ukauke, rudia. Mbolea iwe yenye potasiamu zaidi ya naitrojeni. Masika ndiyo yanayonitia hofu kuliko ukame: bila paa la plastiki na udongo wenye kokoto nyingi, shina huoza kuanzia chini.

Wa pwani nisiwadanganye, baridi hiyo hamna. Tafuteni yale ya msituni, yanayoishi juu ya miti: Epiphyllum, lile wengi wanaliita malkia wa usiku, au pitaya. Hayo yanataka kivuli chepesi na udongo wa majani yaliyooza, na joto lenu halina shida nayo. Na lile linaloitwa la Krismasi, Schlumbergera ya Brazili? Ulaya huchanua karibu na sikukuu kwa sababu usiku wa huko umerefuka. Huku karibu na ikweta, ambako usiku haubadiliki sana, baridi ndiyo inayoamsha matumba yake, kwa hiyo msilisubiri Desemba.

Ninalolipenda kuliko yote ni Echinopsis. Tumba lake huanza kama kifundo cha manyoya ya kijivu ubavuni, na mgeni wa kazi hii hudhani ni chipukizi. Chipukizi huwa duara na huota miiba mapema. Tumba huchongoka na kubaki na manyoya. Hukaa kimya muda mrefu, halafu siku za mwisho mrija wake hurefuka ghafla, sentimita 20 na pengine zaidi, mara nyingine kuliko upana wa mmea wenyewe. Giza likiingia linafunguka. Chunguza ndani kwa tochi: stameni, zile nyuzi zenye chavua, zimepangwa makundi mawili, moja limezunguka mdomo kama shanga, jingine limelala kooni, na koo lenyewe ni la kijani. Mrija huo mrefu ni wa nondo, wale vipepeo wa usiku, wenye ulimi mrefu, ndiyo maana harufu hutoka usiku.

Kesho yake jua likipanda, limelegea. Wapo wanaoniuliza ua la usiku mmoja lina faida gani. Bogenvilia la getini kwangu lina maua karibu mwaka mzima na sijaona mtu akisimama kulitazama. Echinopsis ikifunguka, majirani wanakuja na watoto wao. Mama mmoja wa mtaani, mtu mzima, aliinama mpaka pua ikagusa petali, akaniambia, "Mwanangu, uzuri wote huu ulikuwa umekaa wapi kwenye miiba?" Kwangu mimi ufupi wake ndio unaotutoa ndani.

Kinachonisumbua sasa ni mbegu. Echinopsis nyingi haziwezi kujichavusha zenyewe, na chipukizi zote tunazogawana hapa mtaani zimetoka kwa mmea mama mmoja, kwa hiyo kwa kuchavushana ni sawa na mmea mmoja tu. Tunahitaji damu nyingine. Mwenye Echinopsis ya waridi au nyekundu iliyotoka kwingine, nitampa chipukizi za yangu nyeupe apendavyo, naye anipe moja tu, hata iwe ndogo kama limau. Zikichanua usiku mmoja, brashi ya kuchavushia ninayo.