Nyumba Isiyojengwa Nayo Ina Athari

Mapema mwaka 2022, Woodside, mji mdogo wa matajiri kusini mwa San Francisco, ulitangaza kuwa eneo lake lote ni makazi ya puma, paka mkubwa wa mwituni. Mwezi huohuo sheria mpya ya California ilikuwa imeanza kuruhusu kiwanja cha nyumba moja kigawanywe ili zijengwe zaidi, isipokuwa penye makazi ya wanyama wanaolindwa. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Rob Bonta, aliwaandikia kwamba hilo halikubaliki, na baada ya siku chache tangazo likafutwa.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kila anayetaka sheria za mazingira na za majengo ya kale zilegezwe kidogo kwa ajili ya nyumba za bei nafuu huitwa adui wa mazingira au kibaraka wa wajenzi. Hoja yake ni nzito kuliko hivyo.

Sheria hizi hazikuzuka bure. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaa wa West End wa Boston ulibomolewa karibu wote kwa jina la maendeleo, na maelfu ya watu wa kipato kidogo wakatawanyika. Stesheni ya Penn ya New York ilianza kubomolewa 1963. Miaka miwili baadaye jiji likapata sheria ya kulinda majengo yake. California ilipata yake ya mazingira, CEQA, inayotaka athari za mradi zitathminiwe kabla haujaidhinishwa, mwaka 1970. Mwaka 2010 wakazi wa Richmond walioishi kwenye moshi wa kiwanda cha kusafisha mafuta waliitumia kuishinda mahakamani tathmini iliyopitishwa kwa ajili ya kukipanua. Tena jengo kuukuu mara nyingi ndilo lenye kodi anayoimudu mnyonge. Haya yote ni kweli.

Lakini sheria inayomlinda mkazi dhidi ya kiwanda ndiyo hiyohiyo inayotumika dhidi ya fleti, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. San Francisco, Oktoba 2021, baraza la jiji lilikataa kwa kura 8 dhidi ya 3 tathmini ya mradi wa fleti 495, sehemu yake zikiwa za bei nafuu. Mahali penyewe palikuwa maegesho ya magari katikati ya jiji, karibu na treni. Kabla ya hapo, mradi wa kujenga fleti 75 mahali pa duka la kufulia nguo kwenye barabara ya Mission ulisimamishwa ili ichunguzwe kama duka hilo ni jengo la kihistoria. Uchunguzi ukasema si la kihistoria. Huko Berkeley, Februari 2023, mahakama ya rufaa iliamua kwamba chuo kikuu kilipaswa kutathmini kelele za wanafunzi kabla ya kujenga bweni la wanafunzi wapatao 1,100 pamoja na makao ya watu wasio na nyumba. Bustani iliyokuwapo pale ina historia yake ya mapambano ya 1969, na waliotaka ibaki walikuwa na haki ya kusikilizwa. Ila kumhesabu binadamu kama uchafuzi wa mazingira ni jambo linaloniuma. Bunge la jimbo liliibadilisha sheria mwaka huohuo wa 2023.

Anayeumia zaidi na ucheleweshaji si mjenzi wa majumba ya kifahari. Yeye ana mtaji, atasubiri, kisha gharama atamtwika mnunuzi. Shirika lisilo la faida hukusanya fedha kutoka mifuko mingi: nafuu ya kodi ya serikali kuu, mkopo wa jimbo, ruzuku ya jiji, kila mfuko na tarehe yake ya mwisho. Kesi moja ya jirani, hata ikiwa dhaifu, yaweza kupitisha tarehe hizo, na mradi ukafa bila hakimu kusema neno.

Kubwa kuliko yote ni hili. Tathmini huuliza nyumba ikijengwa itadhuru nini. Kwa kawaida haiulizi isipojengwa watu watakwenda wapi. Nao huenda, kwa sababu lazima walale mahali. Anayefanya kazi San Francisco akashindwa kodi ya huko huhamia Stockton, kama kilomita 130, akaamka alfajiri na kuendesha gari hadi kazini. Ametoka penye hewa ya bahari isiyohitaji kiyoyozi, akaingia bonde ambalo kiangazi chake hakikaliki bila hicho. Mashamba hugeuzwa viwanja ili ajengewe nyumba. Wengine husogea pembezoni mwa misitu, kwenye njia ya moto wa nyika. Moshi wa gari lake, umeme wake, shamba lililopotea: hakuna hata kimoja kinachoandikwa kwenye ripoti ya yale maegesho ya magari yaliyobaki maegesho. Sheria ya mazingira imeyadhuru mazingira, na hesabu haionyeshi.

Ndiyo maana naunga mkono sheria aliyoisaini gavana Gavin Newsom mwishoni mwa Juni 2025, inayosamehe tathmini ya CEQA kwa nyumba nyingi zinazojengwa ndani ya miji, kwenye viwanja visivyozidi ekari 20. Haigusi viwanda, kwa hiyo silaha ya watu wa Richmond imebaki mikononi mwao. Jengo la kihistoria nalo linalindwa, mradi liwe limeandikishwa rasmi kabla ya ombi la ujenzi. Sharti hilo la mwisho nalipenda hasa: mtaa unaothamini jengo lake sasa una sababu ya kuliandikisha leo, kabla mjenzi hajafika.